Kifungu cha Tisa

Tanzia ile niliisikia nikiwa nachambua mchele. Redio huwa naiwasha asubuhi ili nyumba isiwe kimya, na matangazo ya vifo nayasikiliza nusu nusu mpaka jina linishike. Hili lilinishika. Mtangazaji alisema familia ya Mzee Luhende wa Usagara inasikitika kutangaza kifo cha baba yao, kwamba mazishi yalifanyika jana, na kwamba marehemu aliwahi kuwa manju. Hilo “aliwahi” ndilo lililonifanya niweke ungo chini. Manju ni kiongozi wa kikundi cha ngoma, yule anayetunga, anayeimbisha na anayeshika ngoma kubwa, na kwa Wasukuma ninaowajua mimi mtu akishakuwa manju anakufa manju, hata meno yakimwisha na sauti ikabaki ya kukohoa. Huyu aliacha akiwa bado na nguvu zake. Mwaka alioacha naujua vizuri, na meza iliyohusika naijua vizuri zaidi, kwa sababu ilikuwa meza yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa nimeajiriwa kwa majaribio ya miezi sita katika ofisi ya wakala wa burudani, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la spea za baiskeli, si mbali na soko kuu la Mwanza. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa ubao mwembamba. Upande wa dirishani alikaa bosi wangu, Bwana Kamugisha, Mhaya wa Bukoba, msomi, Mlutheri wa kuhesabika, aliyekunja mikono ya shati mara mbili kila asubuhi na kuikunjua saa kumi kamili jioni. Upande wa mlangoni nilikaa mimi na mashine ya taipu, benchi la wageni, na harufu ya mpira wa matairi iliyopanda kutoka chini. Ubao ule haukuzuia kitu. Nilimsikia akimeza chai. Nilisikia kila simu aliyopiga, na baada ya wiki mbili niliweza kujua anaongea na nani kwa namna alivyokohoa kabla ya kusema hallo. Kazi yetu ilikuwa kusimama katikati. Upande mmoja walikuwepo mapromota na wenye kumbi, upande mwingine bendi, waimbaji na wacheza sarakasi, na katikati yao ilikaa karatasi ambayo mimi niliitaipu nakala tatu kwa kaboni: moja ya ukumbi, moja ya msanii, moja ya ofisi.

Karatasi hiyo ilikuwa na vifungu kumi na viwili, na Bwana Kamugisha alijivunia kila kimoja kama vile ni watoto aliowasomesha mwenyewe. Cha kwanza majina, cha pili siku na saa, cha tano umeme na vyombo, cha saba chakula cha wasanii, wali kwa samaki au nyama na soda moja kila mtu. Cha tisa kilisema kwamba kwa muda wote wa mkataba msanii hatapiga wala kucheza mahali pengine popote, kwa malipo au bila malipo, isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya mwenye ukumbi. Kilitungwa kwa ajili ya bendi za dansi, ambazo zilikuwa na tabia ya kupiga Jumamosi kwa huyu na Jumapili kwa jirani yake anayegombana naye. Wanamuziki wa dansi walikuwa wakikicheka. Kulikuwa na mpiga tarumbeta mmoja ambaye kila alipokuja kusaini aliniuliza, “Adela, kifungu cha tisa hakijafa tu?” halafu anasaini, na Jumapili anakwenda kupiga anakotaka. Wenye kumbi walijua, Bwana Kamugisha alijua, na hakuna aliyewahi kuvunja urafiki kwa ajili hiyo. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kukitazama: ni kifungu cha kujaza ukurasa.

Kwa wasiojua kusoma kulikuwa na utaratibu wake. Mkataba ulisomwa kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa lugha anayoielewa mhusika. Kisha aliweka dole gumba kwenye wino, na chini ya alama ile niliandika maneno matatu, “nimesomewa, nikasikia, nikaelewa,” na chini yake kabisa msomaji akatia sahihi yake. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji, kwa kuwa nilikijua Kisukuma na Bwana Kamugisha hakukijua zaidi ya salamu. Sahihi yangu ya wakati ule ilikuwa na mkia mrefu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi nyuma ya daftari.

Mwanzoni mwa mwaka ule Mama Leokadia, mwenye ukumbi na bustani ya Pasiansi ufukweni mwa ziwa, alipiga simu akasema wateja wake wamechoka na magitaa. Alitaka ngoma ya asili kila Jumapili alasiri, watu wale samaki wao huku wakitazama. Bwana Kamugisha akamwambia kuna kikundi cha bugobogobo huko Usagara, ile ngoma ya majembe, na manju wake anasifika mpaka Sengerema. “Sawa,” nilimsikia Mama Leokadia akisema, maana alipiga kelele kwenye simu kama anayeita mtu ng’ambo ya ziwa, “lakini hicho cha tisa kisiguswe. Sitamtangaza mtu hapa, halafu Jumamosi yuko mashambani anatazamwa bure.” Bwana Kamugisha akasema mkataba ni ule ule, mama, hatubadilishi hata nukta. Wala hakuna aliyewaza, yeye, Mama Leokadia au mimi, kwamba fomu ya watu wa magitaa ilikuwa inapelekwa kwa mtu wa namna nyingine kabisa.

Mzee Luhende alikuja mwenyewe, amevaa koti la kahawia juu ya kanzu fupi, viatu amevishika mkononi mpaka mlangoni ndipo akavivaa. Hakuwa mzee wa kuinama. Labda alikuwa na miaka hamsini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha tukasalimiana tena kwa Kisukuma, naye akaniuliza mvua ya kwetu ikoje, kama vile amekuja kwa hilo tu. Ilikuwa saa saba. Mama ntilie wa chini alikuwa ameshaleta chakula cha bosi, sato wa kukaanga na ugali, kimefunikwa kwa sahani. Nikaanza kusoma. Nilisoma polepole, namba moja baada ya nyingine, kidole kwenye karatasi, natafsiri, naye anatikisa kichwa. Nilipofika cha saba alicheka kidogo kwa habari ya soda. Hapo Bwana Kamugisha akasema kutoka ng’ambo ya ubao, “Msomee yale ya muhimu, Adela, samaki anapoa.” Nilimaliza cha nane. Nikatazama cha tisa, nikajaribu kutafuta kwa Kisukuma namna ya kusema “isipokuwa kwa idhini ya maandishi,” sikuipata haraka, nikasikia sahani ikifunuliwa, na kidole changu kikashuka mpaka cha kumi. Nataka niseme ukweli hapa. Sikutumwa kukiruka. Bosi alisema yale ya muhimu, na mimi ndiye niliyeamua kipi si cha muhimu.

Akaweka dole. Lilikuwa dole pana, lenye sugu ubavuni pale fimbo ya ngoma inapokaa, na aliligandamiza kwenye karatasi muda mrefu kuliko nilivyozoea kwa wengine. Watu wengi huchovya na kuinua upesi, wanaogopa wino. Yeye alitulia kama mtu anayeapa, mpaka nikamwambia, “Imetosha, baba.” Nikaandika maneno yangu matatu nikatia sahihi yenye mkia.

Jumapili za kwanza nilikwenda Pasiansi kutazama, kwa sababu ofisi iliniruhusu kuingia bure na kula. Watu waliketi chini ya makuti wakila sato na ndizi za kukaanga, na wao wakaingia, vijana kumi na wawili wenye majembe, wakiyarusha juu na kuyadaka kwa mpigo mmoja, na Mzee Luhende nyuma yao amesimama, mgongo kwa ziwa, akipiga ngoma kubwa bila kuitazama. Wahudumu walisahau kupeleka bili. Ilipofika miezi ya mavuno vijana wakawa tisa, kisha sita. Siku moja walikuwa wanne. Mama Leokadia alipiga simu kulalamika, na kutoka ng’ambo ya ubao nilisikia jibu la bosi: “Wamehamia kikundi kingine, mama. Kuna mashindano huko kwao baada ya mavuno na mzee wao amekataa kuwapeleka. Sijui ana nini.” Mashindano hayo kwa kikundi cha ngoma ndiyo uhai wenyewe. Vikundi viwili vinapiga kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watu wanahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na ambaye upande wake umebaki mtupu ndiye aliyeshindwa. Asiyekwenda kabisa hahesabiwi hata na walioshindwa. Nilisikia, nikaendelea kutaipu. Nilijiambia ni uzee, au mgongo, au ugomvi wa familia. Nilijitungia magonjwa matatu ya Mzee Luhende asubuhi moja, yote ili nisikifikirie kifungu cha tisa.

Alikuja ofisini siku ya Alhamisi, mwezi wangu wa tano wa majaribio, saa nne asubuhi. Koti lile lile. Tulisalimiana, akaketi kwenye benchi, akatoa nakala yake ya mkataba kutoka kwenye mfuko wa ndani, imekunjwa mara nne na kufungwa kwa plastiki.

“Nina msiba, mwanangu,” alisema kwa Kisukuma, sauti ya chini. “Mzee Nkwabi, yule aliyenifundisha ngoma, amefariki. Tunamzika kesho.”

“Pole sana, baba.”

“Nimepoa. Naomba unisomee tena hii karatasi. Nataka nijue kama ina neno lolote kuhusu kesho.”

Nilijua maana ya kesho. Kwa watu wa kikundi chao mwalimu huzikwa kwa ngoma za wanafunzi wake. Mwanafunzi mkubwa ndiye anayeanza, peke yake, kabla wengine hawajajiunga, na anayeanza ndiye anayerithi. Mzee Luhende alikuwa mwanafunzi mkubwa. Ng’ambo ya ubao Bwana Kamugisha alikuwa anaandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza, kisha nikaisikia imesimama. Nilifikiri haraka sana, na yote niliyofikiri bado ninayo. Nilifikiri: nikikisoma sasa, ataniuliza kwa nini sikukisoma mwanzo, na bosi anasikia, na jina langu liko pale chini na mkia wake. Kisha nikafikiri jambo la pili, ambalo ndilo lililoniponza, kwa sababu lilijifanya wema. Nikafikiri: asipojua, atapiga. Atakwenda kesho na ngoma yake kama wale wa tarumbeta, atampigia mwalimu wake, hakuna atakayefuatilia, na mambo yatakwisha. Nikaona kwamba kumficha ndiko kumsaidia.

Nikasoma. Cha kwanza, cha pili, mpaka cha nane, na kutoka cha nane nikaenda cha kumi. Safari hii kidole hakikusita. Nikamaliza cha kumi na mbili.

“Ndiyo yote?” akauliza.

“Ndiyo yote, baba.”

Hakuinuka mara moja. Aliichukua karatasi akaikunja mara nne, taratibu, akaifunga tena kwenye plastiki yake, na kila mkunjo ulichukua muda. Nilidhani anapumzika kwa sababu ya ngazi. Nilimpa maji kwenye kikombe cha bati, akanywa nusu. Kisha akasema, “Asante, mwanangu, kazi njema,” akashuka. Bwana Kamugisha akauliza ni nani. Nikasema ni Mzee Luhende, amefiwa. “Ooh, pole zake,” akasema, na kalamu ikaendelea.

Barua ya idhini ingenichukua dakika tano. Hilo ndilo ninalolitaipu kichwani mpaka leo: tarehe, ndugu mpendwa, kwa barua hii kikundi kinaruhusiwa. Mama Leokadia alikuwa mtu wa kanisani na wa misiba. Angesema ndiyo kabla sentensi haijaisha. Bwana Kamugisha angenifokea, labda angenifukuza, ningelia, ningepata kazi nyingine. Jumatatu, aliporudi kutoka Pasiansi, alisimama mlangoni akasema kwa mshangao wa kweli, “Unajua yule mzee hakupiga msibani? Wameniambia vijana wake waliobaki. Amekwenda mikono mitupu, akakaa na waombolezaji. Mwanafunzi mdogo ndiye aliyeanza.” Nilisema, “Kweli?” Hilo tu. Mwezi uliofuata nikathibitishwa kazini. Mkataba wa Pasiansi ulipoisha haukuendelezwa, maana kikundi hakikuwepo tena, na mtu ambaye hakumpigia mwalimu wake hapati wa kumfuata.

Baada ya hapo nimeishi vizuri tu. Niliolewa, nikafiwa, nikafanya kazi ofisi nyingine mbili, nikastaafu. Kanisani mimi ni msomaji wa somo la kwanza, na waumini wananisifu kwa utulivu, hawajui kwamba naweka kidole chini ya kila mstari kwa hofu. Nikisoma kitu chochote chenye namba, hata maelekezo ya dawa, lazima nirudi nyuma kuhakikisha. Na Jumapili alasiri, ikifika saa tisa, popote nilipo huwa kuna ukimya ambao wenzangu hawausikii. Miaka yote hii nimeamini jambo moja lililonipa nafuu kidogo: kwamba yule mzee alikuwa na sababu zake ambazo sizijui, na kwamba mimi nilikuwa kando tu. Usagara si mbali. Ni mwendo wa asubuhi moja. Sikwenda hata mara moja.

Nilikwenda siku ile ya tanzia. Nilikuta turubai bado halijashushwa, wanaume wachache kwenye viti vya plastiki, na kaburi lenye udongo mbichi nyuma ya zizi. Mjane wake, Mama Minza, alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani ya chumba chenye kiza, miguu ameinyoosha, na wanawake wawili wakimsogezea uji na michembe ya viazi vitamu asiyoila. Nilimwamkia, nikampa pole, nikasema jina langu, na kwamba zamani nilifanya kazi Mwanza kwenye ofisi ya mikataba.  Kisha akawaambia wale wanawake watupishe.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njia nzima. Nikasema tu, “Mama, nilimsomea baba ile karatasi. Kuna mahali niliruka. Mara mbili.”

“Najua,” akasema.

“Unajuaje?”

“Mwalimu wa shule hapa alimsomea yote, wiki ile ile aliyoweka dole. Alimpelekea amhifadhie, mwalimu akaifungua akaisoma. Alijua tangu mwanzo. Ndiyo maana hakwenda mashindanoni.”

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Kwa nini hakurudi ofisini akaeleza kwamba hakusomewa, na mkataba ungebatilika pale pale.

“Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema jina la yule mtoto liko chini ya dole langu. Nikisema sikusomewa, wanamfukuza yeye. Akasema ni mwaka mmoja tu, utapita.” Alishika kikombe cha uji akakiweka tena. “Alipofariki Mzee Nkwabi ndipo alipohangaika. Alisema atakwenda akuombe umsomee tena. Ukikisoma mwenyewe, basi ataomba ruhusa kama mtu aliyekisikia leo, na wewe hutaulizwa kitu. Aliondoka hapa amefurahi. Aliacha ngoma imeanikwa juani, ngozi ikaze.”

 Nilitazama michembe kwenye sahani.

“Aliporudi akaiingiza ndani,” akaendelea. “Nikamwuliza vipi. Akasema, hajaweza. Basi. Hajawahi kusema zaidi ya hapo.”

Nililia kama ambavyo ningelia siku ile ya Alhamisi kama ningekuwa na akili. Nilimwomba msamaha. Mama Minza hakunifukuza, wala hakunishika mkono. Alisema yeye si mwenye jambo, mwenye jambo wamemzika jana, na kwamba nikinawa uso nitakuta chakula jikoni, kwa sababu mtu aliyetoka mbali haondoki msibani bila kula. Nilinawa. Nilikula ugali na dagaa nikiwa nimeketi kwenye kigoda kati ya wanawake nisiowajua, wakizungumza habari za bei ya mbegu, na mmoja aliponiongezea mboga nikamwuliza, kwa kuwa nilikuwa sijathubutu kumwuliza mjane, ni nani jana alianza ngoma.

Alinishangaa kidogo. “Ngoma gani, mama? Wanaokupigia ni wanafunzi wako. Huyu hakuwa na mwanafunzi hata mmoja,” akasema, akafunika sufuria.